Droo Zilizosema Kiitaliano

Jumapili, tarehe 2 Machi

Mdomo wangu una miguu. Huondoka kabla mimi sijavaa viatu.

Tulikuwa mezani kwa dada yangu, chakula cha mchana. Mpwa wangu hakugusa sahani. Binti wa pekee wa dada, fundi wa vigae. Akipanga sakafu hata sisimizi anateleza. Ijumaa ana mtihani wa kuongea. Mama mmoja wa chuo cha mafundi wa vigae huko Italia atampigia simu, waongee Kiitaliano. Akimridhisha, nafasi ni yake. Asipomridhisha, nafasi inakwenda kwa mwingine, na chuo kimesema mwaka huu ndio wa mwisho kupokea wageni. Mwalimu wake kahama mji kabla ya kumaliza somo. Kambakizia vijineno vidogo: del, della, dei, degli na ndugu zao. Vinakaa mbele ya vitu. Anasema kila akivikaribia vinatawanyika kama panya taa ikiwashwa.

Nikasema, mdomo umejaa: ah, hivyo? Hivyo mimi nilikuwa nanywea chai!

Kijiko cha dada kikasimama hewani.

Lakini Italia naijua! Nimekaa Italia. Meli yetu ilitia nanga kule na mimi nilikuwa mkuu wa masufuria. Sikushuka nchi kavu, maana nahodha alilia machozi, akasema nikishuka meli itazama pale pale gatini. Haidhuru. Kutoka dirisha la jikoni niliiona Italia yote. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Mjomba Roma. Jina nililianzisha mwenyewe, lakini limeshika.

Mpwa akaniuliza kama nitamfundisha. Kwa macho yale, nani angekataa? Shemeji alipaliwa na maji. Dada akasema debe tupu limepata wa kulipiga. Halafu akaacha utani. Akasema mtoto akianguka kwa sababu ya porojo zangu, chumba cha nyuma ninacholala atakigeuza stoo ya saruji, na mimi niende nikatafute hiyo meli yangu.

Alicheka aliposema? Hakucheka.

Mguu wangu wa kulia umeanza kutikisika wenyewe. Nimeukalia. Unatikisika bado.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Somo la kwanza. Dukani kwa shemeji, nyuma ya kaunta. Ni duka la vifaa vya ujenzi: ukuta mzima wa droo ndogo za misumari, skrubu, bawaba na makomeo, na mimi ndiye jemadari wa droo hizo. Shemeji anadai mimi ni msaidizi. Tofauti ya maneno tu.

Sikuwa na la kufundisha. Nikafundisha hivyo hivyo. Nikamweleza mpwa kwamba Waitaliano ni watu wa heshima. Vijineno vile ni vyeo. Del ni kwa kitu cha kawaida. Dello ni kwa kitu chenye nafasi yake. Degli ni shikamoo, kwa wazee tu.

Mpwa akafikiri. Akauliza kwa adabu mbona basi sukari ni dello zucchero, ina cheo gani? Nikamjibu sukari ni mzee wa jikoni. Mwondoe uone chai itakavyoyumba. Akauma mdomo wa chini. Akasema ahsante, mjomba. Mtoto kalelewa yule.

Akaongeza kwamba Bwana Kamusi ana kitabu cha sarufi ya Kiitaliano na amekubali kumwazima.

Bwana Kamusi! Mwalimu mstaafu, mpangaji wa chumba cha juu ya duka. Mtu anayekusahihisha ukimsalimia. Kwenye msiba wa fundi saa nilitoa hotuba iliyowaliza hadi wapita njia. Niliposema marehemu "anafariki leo", yeye akanyoosha kidole akasema hafariki tena, alishafariki. Wafiwa wakacheka. Sijamsamehe, na marehemu naye nadhani hajamsamehe.

Kitabu kikimfikia mpwa leo, kesho atajua kwamba shikamoo ya Waitaliano niliitunga mimi. Lazima kitabu kipitie kwangu kwanza.

Nimetembea kutoka kaunta hadi mlangoni siku nzima. Mteja mmoja alidhani nafanya mazoezi, akanipisha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekipata!

Nilipanda juu, nikamwambia Bwana Kamusi nimetumwa. Akanitazama juu ya miwani. Akasema yeye Kiitaliano hakijui, kitabu alirithi, lakini angefurahi kunisikia nikitamka sentensi moja tu, mtu wa Roma kama mimi. Nikakohoa. Nikakohoa hadi nikaegemea ukuta. Akakimbilia maji. Aliporudi, kitabu kilikuwa kwapani mwangu na mimi niko ngazini, napona taratibu. Akapiga kelele kutoka juu kwamba kikohozi changu kina lafudhi ya hapa hapa.

Nilisoma nimejificha kati ya magunia ya saruji. Mwanzo nilidhani macho yameharibika. Baadaye nikaona kumbe ni habari ya ukoo. Ipo hivi. Kuna bwana mmoja anaitwa Di. Kaoa wake saba: il, lo, la, l', i, gli, le. Kila mke kamzalia mtoto. Di na il wakapata del. Di na la wakapata della. Di na i wakapata dei. Di na gli wakapata degli. Mtoto yupi atumwe wapi? Inategemea kitu: ni kiume au ni kike, ni kimoja au ni vingi, na kinaanza kwa sauti gani. Zucchero ni korofi mwanzoni, kwa hiyo kapewa dello. Cheo hakimo. (Haina haja mpwa kuambiwa niliwahi kusema kimo.)

Lakini kazi yake ni nini? Hapo niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu. Kazi yake ni kusema kiasi fulani bila kutaja ni kiasi gani! Del pane, mkate kiasi. Dei chiodi, misumari kadhaa. Mingapi? Usiulize! Unataja kitu, idadi unaiacha ipepee.

Mungu wangu. Hii ndiyo lugha yangu! Maisha yangu yote watu wananikata kauli. Nikisema nilipigana na papa, mtu anauliza papa wangapi. Mwitaliano angesema degli squali, basi, hadithi inaendelea, watu wanameza mate. Nilizaliwa bandari isiyo yangu.

Nilimweleza mpwa kwa mbwembwe. Safari hii hakuuma mdomo. Aliinua uso akasema, polepole, kwamba ameelewa sasa, kumbe ni kama kuchota bila kupima. Nikasema ndivyo hasa, kuchota bila kupima. Dada alikuwa anapita na ndoo. Akasema basi kaka yake ndiye aliyeivumbua hiyo sarufi, maana tangu utoto hajawahi kupima neno.

Mpwa anasema maana ameipata, ila ulimi haujazoea. Akiona kitu, anasita. Del? Dei? Delle? Kwenye simu huwezi kusita, mama wa watu ataona ni kimya cha ujinga.

Mguu umehamia kushoto.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Wazo! Limenijia wakati nanyoa. Nimetoka na ndevu nusu.

Ulimi hufuata jicho. Jicho likiona neno asubuhi, mchana na jioni, ulimi utasema wenyewe. Na mpwa jioni hushika zamu dukani. Basi duka liwe darasa! Shemeji kaenda kiwandani kuchukua mabati, hayupo hadi kesho. Nyota zimekaa sawa.

Nimekata karatasi nyeupe. Nimeandika kwa wino mzito. Nimebandika kila droo, kila kopo, kila gunia. Del cemento kwenye saruji. Della colla kwenye gundi. Dello stucco kwenye puti ya kuzibia nyufa. Degli scalpelli kwenye patasi. Delle viti kwenye skrubu, delle cerniere kwenye bawaba. Dei chiodi kwenye misumari. Nimetumia ile gundi ya kopo jekundu, ambayo ikishika haiachii hata ukiibembeleza.

Palikuwa na vikaratasi vya zamani, vichafu, vimeandikwa inchi moja, inchi mbili na nusu, za bati, za mbao, mambo ya namna hiyo. Havina faida kwa elimu. Nimevifunika.

Sasa ukuta unang'aa. Safu tatu nzima zinasema dei chiodi, dei chiodi, dei chiodi, kama kwaya. Nilirudi nyuma kuutazama. Machozi yalinilenga.

Mpwa alikuja jioni akasimama mlangoni na mkoba wake. Alitazama kwa muda mrefu. Akauliza, mjomba, saizi ziko wapi? Nikamwambia ndiyo uzuri wa kijineno chenyewe: saizi haitajwi, idadi haitajwi. Akaniuliza kama baba yake amepiga simu. Nikasema bado. Akasema ahsante, mjomba, kwa sauti ya mtu anayeangalia mbuzi akipanda ngazi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimesimama, kukaa sithubutu.

Wa kwanza alikuwa seremala. Alitaka misumari ya inchi moja ya fremu za picha. Mimi kwa miaka yote nasoma karatasi, sisomi misumari! Nikafungua droo, nikachota. Karudi baada ya muda na fremu imepasuka katikati na msumari umetokeza upande wa pili kama kidole cha shahidi. Akauliza hii ni misumari ya picha au ya kusulubishia mtu. Akaja mwashi anataka misumari ya bati. Akaja fundi bomba anataka skrubu za kitasa. Nikafungua hii, siyo. Nikafungua ile, siyo. Foleni ikafika barabarani. Mwashi akasoma kwa sauti, de-i chi-o-di, akauliza ni dawa ya nini.

Nikapata akili. Nikatoa droo zote, nikazimwaga kwenye meza ili nilinganishe.

Hilo lilikuwa kosa dogo.

Meza ni ndogo. Misumari ikaporomoka sakafuni, skrubu zikafuata, bawaba zikafuata. Chuma kikafanana na chuma. Bwana Kamusi akateremka kuona kelele ni za nini. Alisimama ngazini akasema kwa mara ya kwanza maishani hana cha kusahihisha, hajui aanzie wapi.

Ndipo gari la mabati likasimama mlangoni.

Shemeji hakupiga kelele. Heri angepiga. Alivua kofia, akaiweka kitini, akaikalia. Alijaribu kubandua karatasi moja kwa ukucha. Ukucha ukaachia, karatasi haikuachia. Dada alifika akasema maneno matatu tu: stoo ya saruji.

Seremala ana kazi ya kukabidhi kesho, mwashi vile vile. Lazima vitu vichambuliwe leo. Na leo ndiyo siku ya mwisho ya mpwa kujisomea! Dada akamwambia asiguse hata kimoja, aende chumbani na kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa kimegandia kaunta. Gundi ya kopo jekundu.

Mpwa alinitazama. Nilikuwa nimepiga magoti nikichagua, naweka skrubu kwa bawaba. Akavua viatu akaketi sakafuni. Akasema atachambua nami, kwa sharti moja. Mjomba asimfundishe tena. Kabisa. Mjomba awe mteja tu, aulize.

Nikaona ni sawa. Mwalimu mkubwa hupumzika.

Nikawa mteja. Ninainua kitu, nauliza anauza nini. Yeye anajibu kwa Kiitaliano huku mkono unatupa kitu mahali pake. Dei chiodi. Delle viti. Delle cerniere. Degli scalpelli. Mwanzo alisita. Baadaye nilipoinua tu kitu, jibu lilishatoka. Shemeji akavutwa, akaketi nasi, akaanza kuuliza naye, kwa hasira bado: na hii? Na ile? Nikauliza kama ana gundi, kopo likiwa tupu. Mpwa akajibu non ho colla, sina gundi, akacheka, akasema ukisema huna, mtoto wa Bwana Di haji. Nani kamwambia kuhusu Bwana Di? Mimi! Niandike hilo kabla halijasahaulika.

Vidole vyake vilikuwa vyeusi kama vya fundi gari. Alipomaliza droo, aliandika saizi kwa chaki ya rangi juu ya karatasi zangu. Mwandiko mzuri.

Tulipofunga, alikuwa hajafungua ukurasa hata mmoja. Dada alilifunga lango bila kunitakia usiku mwema.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Simu ilipangwa asubuhi. Mpwa alichagua stoo ya nyuma ya duka, ndipo penye utulivu. Wote tuliambiwa tukae mbali. Dada alinitaja kwa jina, mara mbili.

Lakini je, akikwama? Mtu aliyeishi Italia akae tu nje kama mzigo? Niliingia kwa mlango wa pembeni nikasimama nyuma ya mabati mapya yaliyoegemezwa ukutani. Nilikuwa na karatasi zangu zilizobaki. Akisita, nainua inayofaa.

Mama wa watu alikuwa na sauti ya kupendeza, haraka kama cherehani. Mpwa alijibu salamu. Alijibu kuhusu vigae. Kisha mama akauliza kitu kirefu, na mpwa akanyamaza. Nikaona jasho shingoni mwake. Akasita!

Nikainua karatasi. Nikainua nyingine. Hakuona. Nikanyanyuka kwa vidole vya miguu, na mguu, huu huu wa kulia, ukatikisika.

Yalianguka mabati yote.

Ngurumo ile hata meli yetu haikuisikia tulipopita kwenye dhoruba yenye mawimbi kiasi fulani. Vumbi. Kutoka kwenye simu sauti ikauliza kwa hofu kuna nini. Nililala chini ya bati nikaona chumba changu cha nyuma kikijaa magunia. Nikaona mpwa akibaki hapa, akipanga vigae vya vyoo vya watu hadi uzee. Niliona aibu kidogo. Ilipita.

Kwa sababu mpwa alicheka. Akasema, bila kusita hata chembe: è mio zio, cerca dei chiodi. Ni mjomba wangu, anatafuta misumari. Mama akacheka naye. Akauliza huko ni wapi. Basi mpwa akafunguka kama bomba! Akamtembeza dukani kwa mdomo, droo kwa droo. Tuna misumari, tuna skrubu, tuna patasi, saruji, puti, maji ya kuchanganyia. Gundi hatuna, mjomba kaimaliza. Mama alicheka hadi akapaliwa. Mimi nililala kimya chini ya bati, mnyenyekevu, nikisikiliza kazi yangu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Majibu bado. Dada ameanza kuupima mlango wa chumba changu kwa kamba, kuona kama gunia linapita. Nimezunguka nyumba. Nimezunguka tena. Nimefagia mahali palipofagiwa. Bwana Kamusi anataka kitabu chake. Nimemwambia kiko salama, kimeshikwa vizuri.

Jumanne, tarehe 11 Machi

AMEPATA!

Ujumbe umekuja wakati wa chai. Nafasi ni yake. Mama wa chuo ameandika kwamba amewasikia wengi wakikariri mkate na divai, lakini hajawahi kumsikia mgeni akimtembeza duka la vifaa namna ile. Dada alilia. Shemeji alinipa mkono kisha akaukumbuka ukuta wake, akaurudisha. Mpwa akanikumbatia. Akaninong'oneza kwamba bila mimi asingeweza.

Nimelirudia neno hilo mbele ya dada, seremala, mwashi, fundi bomba na watu wawili waliokuwa wanapita tu. Mpwa akataka kuongeza maelezo kidogo. Nikamwambia haina haja.

Bwana Kamusi amekuja na patasi, kakibandua kitabu pamoja na kipande cha kaunta. Ameondoka nacho hivyo hivyo. Alikuwa na wivu usoni.

Chumba cha nyuma kinabaki changu. Dada kasema "kwa sasa". Hakutaja muda. Kumbe naye kaelewa somo.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Nyumba imekuwa kubwa tangu mpwa aondoke juzi. Kabla ya kupanda gari alinishika mikono miwili akaniomba jambo moja tu: mjomba, droo usiziguse. Nikamwapia kwa jina la bibi yake.

Lakini leo kaja dukani binti wa fundi bomba. Kasikia sifa zangu. Ana mtihani wa Kireno mwezi ujao na hana mwalimu. Kaniuliza kama ninakijua.

Kireno! Meli yetu iliwahi kupita karibu kabisa na Ureno. Palikuwa na ukungu, lakini mimi nilikuwa dirishani.

Shemeji hayupo, kaenda kiwandani. Juzi tu alipaka ukuta wa droo rangi mpya, na saizi zote mpwa aliziandika upya kwa mkono wake kabla ya safari. Mwandiko ule ni mzuri mno. Karatasi ya kuufunika lazima nayo iwe nzuri.

Nimefungua kopo jekundu jipya.